Taa ya Kushoto

4 Machi

Mpwa wangu Nyuzi,

Kabla hujaniamkia, kaa chini, maana habari hii ukiisoma umesimama unaweza kuanguka. Mjomba wako nyota yake imewaka. Unakumbuka nilivyoondoka hapo nyumbani na mfuko mmoja na bisibisi tatu, mama yako akasema nitarudi kabla soli ya kiatu haijaisha? Mwambie soli imeisha na nimevaa viatu vingine. Sasa mimi ni fundi mkuu wa karakana kubwa ya redio na mitambo ya muziki. Si msaidizi, mkuu. Nina mafundi sita chini yangu, wawili wana mvi, na wakikwama wananiita mimi, mtu wa darasa la tano. Meza yangu iko dirishani. Feni ya darini inanipepea mimi peke yangu, wengine wanapata upepo unaobaki. Bosi akipita kwenye meza yangu anatembea polepole, kama mtu anayepita mbele ya mgonjwa.

Haya, sasa niamkie. Marahaba. Mimi sijambo, nimenenepa. Mguu wa dada vipi? Mwambie asikae na maumivu kimya kama anayasomesha.

Nimesoma kwamba unajenga amplifaya ya gitaa kwa mikono yako, kwa zile taa mbili kubwa za kukuza sauti alizoacha marehemu baba yako. Nimefurahi mpaka nimewasomea mafundi wangu. Lakini nikwambie kama mkubwa wako: shemeji alizitunza zile taa kuliko alivyotunza meno yake. Taa za namna hiyo siku hizi hupati hata kwa dawa. Ukiziunguza, basi.

Nakutumia kifurushi: rezista, waya, na kapasita mbili za kupeleka sauti kwenye taa kubwa, moja kila upande. Ni mpya. Nimezitoa kwenye boksi mwenyewe. Ukiona zinavyong'aa kwa rangi ya njano utajua mjomba wako yuko wapi.

Mjomba wako,
Fundi


29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea mama. Alicheka, akanyamaza, halafu akasema nikuulize hao mafundi sita unawapa kazi gani. Mguu wake unaendelea, asubuhi ni mgumu, mchana unalegea. Mimi bado niko kiwanda cha mashati, wamenitoa kwenye vifungo wamenipeleka kwenye pasi. Mvuke ule unanipikia uso, lakini vidole vimepona sindano, na vidole ndivyo ninavyovihitaji.

Mjomba, imelia. Kapasita zako zimekaa pale kama pete kwenye kidole, sikutamani hata kuzifunika. Jumapili baada ya kufua niliiwasha, nikachomeka gitaa, nikapiga nyuzi zote kwa pamoja mara moja tu. Vyombo vya kabatini vilitikisika. Mama alitoka chumbani, akasimama mlangoni kashika fremu. Nadhani alimsikia baba.

Nilipiga kama dakika kumi. Halafu sauti ikaanza kukoroma, nikageuka nyuma nikaona ile taa ya kushoto, bati lililo ndani yake limekuwa jekundu kama pasi iliyosahauliwa kwenye moto. Ya kulia ilikuwa imetulia, haina habari. Nikazima. Nikasubiri ikapoa, nikawasha tena, dakika kumi, jekundu tena. Tangu hapo sijawasha.

Mama ameleta ndoo ya mchanga ameiweka pembeni ya meza. Amesema mtambo huu hauwashwi tena mpaka yeye awe amesimama kwenye swichi kubwa ya nyumba.

Nakuuliza kwa sababu kuna jambo. Bendi ya ukumbi ule karibu na kiwanda wamepoteza mpiga gitaa wao, ameondoka na amplifaya yake. Kiongozi wao, yule mpiga tarumbeta mfupi, alinisikia nikipiga bila umeme nje ya geti. Aliniambia hivi: "Nafasi ni yako, dada, ukija na sauti yako mwenyewe. Vidole nimeviona." Jaribio ni Jumamosi ya tarehe 20 Julai. Sina amplifaya nyingine, na sina taa nyingine.

Mpwa wako,
Nyuzi


20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Samahani nimechelewa, hapa kazi ni nyingi mpaka kalamu inakauka wino ikinisubiri. Mwambie mama yako mafundi wangu nawapa kazi ya kunisikiliza, na wengi wameshindwa.

Ile ndoo ya mchanga ibaki. Dada hana shule ya umeme lakini ana akili.

Sasa sikiliza. Taa kubwa ya amplifaya ni kama punda mwenye nguvu. Ukimwacha bila hatamu atakimbia mpaka aanguke. Hatamu yake ni ule umeme wa hasi unaoingia kwenye mguu wa tano chini ya taa. Ukiwa wa kutosha, taa inatulia na inavuta mzigo ukiiambia. Ukipungua, taa inavuta umeme mwingi kuliko inavyoweza kubeba, na lile bati la ndani linakuwa jekundu. Wekundu ule si hasira, ni kilio. Ikilia mara nyingi, inakufa.

Taa zako mbili zinapokezana kama watu wawili wenye msumeno mmoja. Mmoja akivuta vibaya, wa pili anaumia pia. Kwa hiyo tujue kwanza mbovu ni taa au ni mahali inapokaa. Zibadilishe: ya kushoto ipeleke kulia, ya kulia ilete kushoto. Wekundu ukihama na taa, taa imechoka. Ukibaki kushoto, kosa liko kwenye waya.

Unapopima, mkono mmoja uweke mfukoni. Umeme ukikupata kwa mkono mmoja utakupiga kofi tu. Ukiupa mikono miwili, unapitia kifuani, na huko sina spea. Na ukizima, usiguse kitu mpaka umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa umekwisha. Ule hauna haraka, unakaa unakungoja.

Bendi! Mwambie huyo mpiga tarumbeta mjomba wako anamjua kila mwenye ukumbi huku.

Mjomba wako,
Fundi


11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini huko ni salama, bahasha yako ilifika na alama ya kidole cha grisi nyuma, mama akasema "fundi mkuu bado anashika grisi?" Nikamjibu mkuu mzuri hufanya kazi na watu wake.

Kuhusu mfuko: gauni langu la kazini halina mfuko. Mama amenishonea mmoja upande wa kushoto, mkubwa, wa kitambaa cha pazia. Sasa nikipima mkono unakaa humo, na mama anasimama kwenye swichi ameukunja ule mguu mbovu kama korongo. Nimemwekea stuli, amekataa kukaa.

Nimebadilisha taa. Wekundu umebaki kushoto, sasa umeikamata ile iliyokuwa nzima. Kwa hiyo taa zote mbili zimeshapikwa, mjomba, na kosa ni la waya. Nimepima hasi kwenye soketi zote mbili taa zikiwa nje na mtambo ukiwa wa baridi. Kushoto volti arobaini, kulia arobaini. Hakuna tofauti hata ya nywele. Nimelala na hilo swali siku tatu. Kama hatamu ziko sawa, huyu mmoja anakimbia kwa nini?

Nimerudia lehemu zote za upande ule. Zile za kwanza hazikuwa mbaya, lakini nimezirudia.

Kuna kitu kimoja sikukuandikia mara ya kwanza, sikutaka mama asome. Ile siku niliyowasha mara ya pili nilipigwa umeme. Mkono wa kulia, mpaka kwenye kiwiko. Si sana. Lakini sasa nikiisogelea meza mate yanakauka, na nashindwa kujua kama nakosea kwa kutojua au kwa kuogopa.

Huwezi kuja, mjomba? Hata siku mbili. Fundi mkuu hawezi kunyimwa siku mbili.

Nyuzi


16 Juni

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba, na pole sana kwa ule mkono. Umefanya vizuri kuniambia, na umefanya vizuri kumficha dada, maana mtambo angeutupa dirishani na wewe ungeufuata. Kuogopa si kosa. Fundi asiyeogopa umeme ni yule anayengoja picha yake iwekwe kaburini.

Nimechelewa kujibu, nilikuwa safarini na bosi. Kuja huko sasa haitawezekana. Nikitoka hapa hata siku moja kazi inasimama, hawa watu bila mimi hawajui upande wa kushika bisibisi.

Swali lako ni zuri. Umepima mtambo ukiwa wa baridi, na mgonjwa hapimwi homa akiwa anaoga. Rudisha taa, washa, funga mita kwenye mguu wa tano wa soketi ya kushoto kwa klipu, usishike kwa mkono, kisha kaa uangalie kwa dakika kumi. Andika kila dakika. Wekundu ukianza tu, dada azime.

Kama hasi inashuka kadiri inavyopata joto, badilisha ile rezista inayoshika hatamu upande ule. Halafu kile kinobu kidogo cha kurekebisha hasi, wakati mwingine kinapata kutu. Halafu soketi yenyewe. Ukimaliza hivyo vyote, hata kapasita ukipenda badilisha, si vibaya, kwa kuwa na uhakika tu. Kuna mzee anauza spea za redio nyuma ya soko lenu, sijui kama bado yuko.

Mvua huku imenyesha wiki nzima, tope mpaka magotini. Karakana ina sakafu ya vigae lakini, haituhusu.

Msalimie mama yako. Mwambie kukaa kwenye stuli si dhambi.

Mjomba wako


2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na ameuliza karakana yenye vigae inapata tope la magotini kutoka wapi, nimemwambia sijui, labda ni nje. Mguu wake umevimba kidogo, ni kwa sababu ya kusimama kwenye swichi.

Nimefanya kama ulivyosema. Dakika ya kwanza arobaini. Ya tatu thelathini na sita. Ya tano ishirini na nane. Ya saba kumi na tisa. Ya tisa ilikuwa kumi na moja na bati likaanza kuwaka, nikasema, mama akazima kabla sijamaliza neno. Upande wa kulia haukusogea hata kidogo.

Nimebadilisha rezista. Vilevile. Nimebadilisha kinobu. Vilevile. Soketi nimeing'oa yote nikaweka nyingine, kazi ya jioni nne, vidole vyangu vimeungua kwenye lehemu mpaka msimamizi wa pasi kiwandani akaniuliza nimeanza kazi ya kukaanga? Nimewasha. Vilevile, mjomba. Arobaini, thelathini na sita, ishirini na nane.

Mzee wa nyuma ya soko alifariki, duka sasa linauza ndoo. Na kapasita sibadilishi. Kila kitu kingine humu ndani ni cha kuokoteza au cha baba. Zile mbili ndizo kitu kipya pekee, zimetoka kwenye boksi la karakana yako kwa mkono wako. Nikisema hizo ndizo mbovu nitakuwa natafuta wa kumlaumu. Mtu akishona shati likampinda hasemi uzi ni mbaya.

Kwa hiyo nimekubali. Kilichobaki ambacho sijabadilisha ni mikono yangu. Taa moja sasa sauti yake imekonda, unaisikia. Ile nyingine bado ina nguvu, na sitaki kuiua na yenyewe. Nimekwenda kwa mpiga tarumbeta nikamwambia asinisubiri. Aliniangalia, akasema jina langu halifuti mpaka Jumamosi yenyewe, lakini ameniambia hivyo kwa huruma, nimeona.

Jumapili ya tarehe 14 nitaifungua yote. Taa za baba nitazifunga kwenye pamba zirudi kabatini. Mama ameirudisha nje ndoo ya mchanga.

Asante kwa kila kitu, mjomba. Wewe ulinifundisha vizuri. Mwanafunzi ndiye hakuwa na mikono.

Nyuzi


9 Julai

Mpwa wangu,

Barua hii haiji kwa posta, posta itafika ukiwa umeshafungua mtambo. Anakuletea dereva wa lori la saruji, mtu mrefu mwenye kigugumizi. Mpe maji, na umruhusu amalize sentensi zake.

Usifungue mtambo. Soma mpaka mwisho halafu ufanye ninachosema, kwa mara ya mwisho kama hutaki kunisikiliza tena.

Zima. Ngoja umeme uliobaki uishe, pima uone umekwisha. Tafuta kapasita ya njano ya upande wa kushoto. Ule mguu wake unaokwenda kwenye taa kubwa, ukate. Usiguse kitu kingine. Kisha washa na uangalie mita dakika kumi, hata ishirini. Dada akae kwenye stuli, mwambie nimeamuru mimi mdogo wake.

Hasi itabaki arobaini. Najua itabaki. Na ikibaki, basi mikono yako ni mizima, lehemu yako ya kwanza ilikuwa nzima, na soketi uliyoing'oa jioni nne haikuwa na kosa lolote.

Kazi ya kapasita ile ni kama mlinzi wa mlangoni: sauti ipite, umeme mkubwa wa nyuma yake ubaki nje. Ikizeeka, karatasi ya ndani inaoza. Ikiwa baridi inasimama kazini, ikipata joto inasinzia, na umeme wa nyuma unapenya kidogo kidogo unakuja kuila ile hasi. Ndiyo maana arobaini, thelathini na sita, ishirini na nane. Nilipoisoma hesabu yako ya dakika nilijua kabla sijafika mwisho wa mstari. Kusema kweli nilishaanza kujua ile barua ya Mei, uliposema mtambo wa baridi hauna tofauti. Ndiyo sababu nilikaa mwezi mzima. Sikwenda safari na mtu. Nilikuwa naandika na kuchana. Mwisho nikakwambia ubadilishe kapasita "ukipenda", nikatumaini utapenda, na mimi nibaki na feni yangu.

Hazikuwa mpya. Hazijawahi kuona boksi. Nilizitoa ndani ya redio ya zamani iliyokuwa imelala kwenye mvua, redio kubwa ya mbao, ya umri wangu. Nilizisugua kwa mafuta ya taa mpaka uchafu ukatoka, nikazichovya kwenye nta ya mshumaa, nikazizungushia karatasi ya njano ya pipi nikalainisha kwa kijiko cha moto. Zilipendeza kweli. Nilipima, zilikuwa baridi, zikasoma vizuri, nikajidanganya na mimi. Nilitaka ufungue kifurushi mbele ya mama yako na kiwe na kitu kinachong'aa.

Ndani ya barua hii kuna mbili nyingine. Hizi zimetoka dukani. Karatasi ya duka nimeibandika juu yake, ili usinisadiki mimi, usadiki karatasi. Weka zote mbili, hata ya kulia ibadilishe, maana yule ni ndugu wa yule na siku yake ilikuwa inakuja. Kisha ongeza hasi kidogo, iwe arobaini na nne, taa iliyochoka ipumzike. Sauti itapungua kiasi, ukumbi ule si mkubwa, itajaza. Zile taa zilizolia ni kwa sababu yangu. Kama moja itakufa kabla ya wakati, usiseme ni wewe.

Nenda kwa mpiga tarumbeta. Mwambie utakuja Jumamosi.

Na mama yako mwambie mwenyewe, usimsomee, nimeona aibu kufikiria sauti yake akicheka halafu akinyamaza. Ingawa nadhani anajua tangu Machi. Dada yangu alinijua nikidanganya kabla sijaota meno.

Karakana ilinikataa siku ya kwanza, walitaka cheti. Ninapofanya kazi ni uwanja wa vyuma chakavu, hauna paa. Sina meza, sina feni, sina fundi hata mmoja chini yangu. Redio zinaletwa kwa mkokoteni, mimi nazipasua kwa nyundo ili watoe shaba. Ile bahati niliyokuandikia haikuwepo. Nilikudanganya.

Mjomba wako